Mnyororo Ulioshushwa kwa Heshima

Mgahawani, 11 Januari

Mdogo wangu Kobe,

Pokea salamu kabla hujaanza kutafuta miwani. Sisi huku wazima. Goti la shemeji yako bado linatabiri mvua, na likikosea anasema mvua ndiyo iliyochelewa. Mgahawa unakwenda, wateja wanakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi. Binti yetu siku hizi anacheka peke yake jikoni, na juzi ametia chumvi kwenye chai ya karani wa posta. Karani akainywa yote, maskini, akidhani ndiyo mapishi mapya.

Sababu ya kicheko unaijua. Kijana wa mlinzi wa daraja ameleta wazee wake, tumezungumza, tumekubaliana, harusi ni baada ya mavuno. Baba yake ndiye yule mzee anayekaa na mnyororo pale darajani. Hujamwona kwa sababu tangu uzoee kuendesha kwenye barabara kuu umetusahau sisi wa huku chini. Mjomba ni wewe, na wewe ndiye utakayesimama upande wetu, kwa hiyo anza safari mapema. Jina la Kobe hatukukupa kwa kupiga kura.

Sasa neno lenyewe. Mashine ya kusaga nimeipata! Iko kwa fundi pale njia panda, ya kijani, injini yake imefunguliwa na kufungwa upya. Nataka uipakie uje nayo, na usimwambie mtu, hata wifi yangu. Mwenye mashine ya sokoni akisikia atazunguka nyumba kwa nyumba kunisema. Nataka aamke asubuhi moja aisikie inaunguruma tu.

Najua tajiri wako anakupa saruji ya kuleta huku. Ipandishe hapohapo juu ya saruji. Mizani haitakusumbua, unajua barabara yetu inavyochepuka kutoka barabara kuu, pale penye bango lililopinda, kabla tu ya kituo cha mizani, kama mtoto anayekwepa kiboko. Nchi nzima inapimwa uzito isipokuwa wanaokuja kwetu pwani. Ila daraja ndilo mizani yetu. Ukifika, shusha nusu ya mzigo, wachukuzi wavushe kwa kichwa, uvuke na nusu iliyobaki, upakie tena ng'ambo. Ndivyo wafanyavyo wote. Bila hivyo mlinzi hashushi mnyororo hata kwa waziri.

Na chupa yangu ya chai irudi. Ile iliyopoteza kifuniko nikaipa kikombe chekundu. Sikukupa, nilikuazima.

Ni mimi dada yako, ninayekungoja.


Ghalani, huku bara, 9 Februari

Dada yangu,

Salamu zangu ni nyingi, na kwa kuwa huku hakuna ninayezungumza naye, zote ni zako. Mimi mzima, au niseme mzima kiasi. Nimejikwaa kidogo, nachechemea. Ukiniona sasa ungesema hatimaye jina limepata mwenyewe.

Utashangaa kuona muhuri wa huku mbali. Tajiri amenipandisha cheo. Ameniambia, "Kobe, umeendesha vya kutosha, nenda kanitunzie ghala la bara." Ghala lina magunia, panya na mimi, na kwa cheo nadhani panya wakubwa wananitangulia. Nalala chumba cha nyuma, kina dirisha moja linalotazama ukuta. Ukuta nimeshaujua, una ufa unaofanana na pua ya shemeji.

Kwa hiyo ile safari ya kuja kwenu imeahirishwa kwanza. Mashine yako imeshaondoka kwa fundi, hilo nakuhakikishia. Iko njiani. Mambo ya mizigo unayajua, hayana haraka. Chupa pia nitaitafuta, sikumbuki vizuri niliiacha wapi.

Binti yetu mpe pole ya chumvi. Mwambie mjomba wake anamkumbuka. Na huyo mkwe, mzee wa mnyororo, hajambo? Barabara huko hali gani? Nauliza tu.

Usinipigie simu ya posta. Karani husikiliza, kisha huwasimulia waliopanga foleni. Tuandikiane tu, kalamu haina masikio.

Wako, Kobe.


Mgahawani, 2 Machi

Kobe,

Hatujambo. Goti la shemeji yako limepata heshima, safari hii lilisema mvua na mvua ikaja. Binti yetu hacheki tena jikoni. Chai sasa ina sukari ila haina mtu wa kuinywa.

Barua yako imevuka mto kichwani mwa mchukuzi, ndiyo maana wino umelia. Nakueleza kwa nini, ikiwa kweli hujui. Daraja limeanguka. Lori la saruji lilipita na mzigo wote, bila kushusha hata mfuko, na katikati daraja likafunguka kama mkate. Hakufa mtu, tushukuru. Lakini tangu siku hiyo wilaya nzima imekatwa na barabara kuu kama kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni. Samaki wanaoza upande huu, viazi vinaoza upande ule, na vinaonana. Mama mmoja amejifungulia kwenye machela katikati ya maji. Mtoto mzima, lakini wanamwita Mvuvumko, maana alikuja mto ukiwa unavuma. Mimi mgahawani napika kinachopatikana, na kinachopatikana ni maharage.

Dereva alitoka majini akakimbia. Tajiri wa lori amesema alikuwa dereva wa kibarua tu, hata jina halijui. Basi anayeulizwa ni mlinzi. Wamemnyang'anya kazi, wanasema alihongwa ndipo akashusha mnyororo. Kila wiki anaitwa ofisi ya barabara: dereva ni nani? Anajibu vilevile: "Sikumtazama usoni." Mtu aliyekaa na lori mlangoni pake asimtazame dereva usoni! Watu wanacheka. Watoto wanamwita Mzee Mfuko.

Huyo dereva, popote alipo, nimemtukana mpaka maneno yameniishia nikaazima kwa jirani. Kama ana dada, basi dada huyo ana kazi.

Vijana walizama kutoa vitu. Wametoa kandambili moja, blanketi, chupa ya chai, na mashine ya kusaga. Ya kijani. Imewekwa uani pa ofisi ya barabara, watoto wanaipanda kama punda. Watu wanauliza ni ya nani. Mimi nimesema sijui. Wewe unajua?

Dada yako.


Ghalani, 28 Machi

Dada yangu,

Nimepokea barua yako na nimeisoma nimesimama, kwa sababu nilipojaribu kukaa nilikosa gunia nikakaa chini. Poleni sana. Mpe hongera mama Mvuvumko.

Huku mambo ni yaleyale. Jana nilihesabu magunia, nikapata idadi moja asubuhi na nyingine jioni, nikaamua kuamini ya asubuhi kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Mwenye duka la mbele ananiita Bwana Ghala na kunisalimia kwa heshima. Kila akinisalimia nageuka kutazama nyuma, nione anamsalimia nani.

Kuhusu hilo daraja. Nimewaza kwamba huenda huyo dereva alikuwa na sababu zake. Simteti wala simtetei. Mtu anaweza kutoka nyumbani na nia njema na mzigo halali, kisha jambo dogo likamponyoka mdomoni. Lakini kumtukana una haki, endelea, usinionee mimi haya.

Nieleze zaidi habari za mkwe. Anakula? Analala? Amesema sababu ya kushusha mnyororo? Maana nasikia yeye hahongeki. Yaani, wewe ulisema. Hata kwa waziri, ulisema.

Na ile chupa ya chai iliyotolewa majini, ilikuwa na kifuniko cha... Basi, achana nayo. Chupa ni chupa.

Harusi nadhani iko palepale. Niambie iko palepale.

Kobe.


Mgahawani, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zitakuja mwisho leo, zikipata nafasi.

Harusi haiko palepale. Juzi mchana mkwe alikuja mwenyewe, kwa miguu, amevaa koti lake la kazi, lile ambalo wameshaling'oa kitambulisho, na nyuzi zimebaki zinaning'inia. Hakukaa kwenye kiti cha wageni, alikaa kwenye benchi la wateja. Akasema, "Mama." Hakusema mkwe. "Mama, nimekuja kuwarudishia neno lenu. Binti yenu asiingie nyumba inayoitwa nyumba ya mla rushwa. Kijana wangu nimemwambia. Amelia, lakini amesikia."

Shemeji yako akatoka nje, akasema anakwenda kutazama mvua. Jua lilikuwa linapasua mawe.

Nikabaki mimi na yeye. Nilitakiwa kusema kitu, Kobe. Badala yake nikamwambia, "Kunywa chai kwanza." Nikaichukua chupa, nikafungua, nikammiminia. Mikono ilitangulia akili. Nilipomkabidhi ndipo nilipoona nimempa nini.

Alikishika kile kikombe akakigeuzageuza. Chekundu, chenye ufa pale kwenye mkono, unakifahamu. Akanywa taratibu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Chai hii tamu. Mara ya mwisho niliinywa darajani." Akaweka kikombe mezani, akakifuta ukingo kwa kiganja kama mtu anayefuta kosa la mtoto, akainuka, akaaga.

Hakuuliza chupa nimeipata wapi. Nami sikumwambia kwamba siku ile ile ya ajali nilishuka mtoni, nikaiona kati ya vitu, nikaificha ndani ya nguo yangu mbele ya watu wote, nikarudi nyumbani nimeikumbatia kama aliyeiba kuku.

Kwa hiyo wewe unajua, mimi najua, na yeye anajua. Na anaitwa Mzee Mfuko kwa ajili yetu sote.

Salamu. Zimepata nafasi.


Ghalani, 6 Mei

Dada,

Sasa tusitafunane maneno. Nakueleza ilivyokuwa, kisha unitukane vizuri ukijua unamtukana nani.

Nilifika darajani mchana, peke yangu, saruji chini na mashine yako juu. Nilifanya kila kitu kama ulivyoagiza. Nilisimamisha gari, nikateremka na chupa, nikamsalimia mlinzi, nikammiminia chai. Tukasemasema. Nikawaita wachukuzi mwenyewe, wakapanda, wakaanza kufungua turubai. Mpaka hapo mimi ni mtu mwema, andika hilo mahali.

Ndipo nikafungua mdomo. Nilitaka tu kumfurahisha mzee wa watu. Nikasema, "Mzee wangu, nadhani wewe ndiye mkwe wetu. Mimi ni mjomba wa bibi harusi."

Laiti ungemwona. Alisimama, akavua kofia, akanipa mkono kwa mikono miwili. "Mjomba mwenyewe! Mbona hukusema?" Akawageukia wachukuzi: "Shukeni! Fungeni turubai. Mkwe hashushiwi mizigo njiani kama mwizi." Mmoja akamwambia, "Mzee, lori limejaa." Akamjibu, "Na wewe umejaa maneno. Shuka."

Hapo neno lilikuwa langu. Lilikuwa dogo tu: "Hapana mzee, nusu kwanza." Nililiweka ulimini, naapa. Lakini alikuwa ameshika mnyororo kwa mikono yote miwili, anaushusha pole pole, hataki hata ulie, kama mtu anayetandika mkeka mbele ya mgeni. Nikaona haya kuikataa heshima yake. Yeye aliona haya kunizuia, mimi niliona haya kukataa. Haya zetu mbili zikapanda daraja pamoja na saruji na mashine, na daraja likasema basi.

Aliyenitoa ni yeye. Aliingia mpaka kifuani, na maji yale hayaogeleki, akanivuta kwa ukosi mpaka ukingoni. Nikasikia watu wanakuja wanapiga kelele. Nikamtazama, akanitazama. Kisha nikakimbia. Kobe amekimbia mara moja tu katika maisha yake, na ndiyo siku aliyotakiwa kusimama.

Kuanguka kwa daraja naweza kusema ni ajali. Kukimbia kwangu hakuna jina jingine. Niliendelea kukimbia mpaka kwa tajiri, tajiri akanikimbiza mpaka huku, na hapa ghalani nimekimbia kwa miezi nikiwa nimekaa.

Naja. Nitashuka njia panda na kwenda polisi pale karibu na mizani, maana nadhani wakati wangu wa kupimwa umefika. Mwambie binti yetu lolote utakaloona linafaa.

Kobe wako.


Mgahawani, 9 Mei

Kobe,

Naandika kwa haraka, mchukuzi anasubiri. Barua yako sijaipata tangu ile ya mwezi wa tatu, na usingizi sina.

Usije. Nimesikia wahandisi wanasema nguzo moja ilikuwa imeoza, huenda wakaandika ni mafuriko. Maneno yatapoa. Mzee ni mtu mzima, atavumilia. Binti atapata mwingine. Kaa hukohuko na panya wako. Mimi nina ndugu mmoja tu, na nikikutoa wewe nitatoa na mashine, na nikitoa mashine nitakuwa mwanamke aliyekaa miezi mitatu akimtukana dereva aliyembebea mzigo wake mwenyewe.

Nikiisoma hii mara ya pili nitaichana. Kwa hiyo siisomi.

Dada.


Ng'ambo ya mto, upande wa barabara kuu, 15 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ya "usije" imezunguka mpaka ghalani, ikakuta nimeondoka, ikanifuata mpaka njia panda. Nimeipokea huku nimeshakuja. Nakushukuru kwa kutoisoma mara ya pili. Mimi nimeisoma mara nyingi kwa niaba yako, na sijaona kosa la mwandiko.

Niko karibu. Ukisimama nyuma ya mgahawa na shemeji akiinamisha kichwa, utaniona: mtu mnene anayebeba mawe na kupumzika zaidi ya wenzake. Hakimu alinisikiliza, akaniuliza mbona nimechelewa, nikamwambia jina langu, watu wakacheka mahakamani, hata yeye kidogo. Kisha hakucheka tena. Leseni imekwenda. Nitafanya kazi bila malipo katika njia ya muda mpaka magari yapite, halafu litafikiriwa lililobaki. Tajiri ameapa hanijui. Nimemwelewa, hata mimi kwa muda nilikuwa sijijui.

Tunajaza mawe mtoni. Msimamizi ananisifu kwamba najua kugawa mzigo. Kila nikitoka kuchukua jiwe nagawa, ndiyo, sasa nimejifunza. Wachukuzi walinitambua siku ya kwanza; tangu ajali mzee aliwaomba wasiseme walichosikia, na hawajasema. Yule aliyesema lori limejaa hunikabidhi mawe makubwa kuliko ya wenzangu, na mimi nayapokea. Tunaelewana.

Nimesema yote yaliyo yangu. Nimesema mlinzi hakupewa kitu ila chai. Lakini ofisi ya barabara wanasema mimi ni mhusika, neno langu peke yake halitoshi. Wanataka kujua kwa nini mzee alinipisha, na nikisema ukwe, wanauliza ukwe upi, na mzee bado anawajibu kwamba hakunitazama usoni! Wameniuliza mashine ni ya nani. Nimesema ni ya mwenyewe. Mengine sikusema, Dada. Hayo si mzigo wangu wa kuvusha.

Sikuombi neno. Nakujulisha tu nilipo.

Kobe.


Mgahawani, 21 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo sote, goti pia. Nimekuona. Nimekuwa nikikutazama kila asubuhi kupitia dirisha la jikoni tangu ulipokuja, na sikutoka nje hata siku moja. Mara moja uliinua mkono nikachuchumaa nyuma ya sufuria. Mtu wa umri wangu! Binti yetu akaniuliza, "Mama, umeangusha nini?" Nikasema, kijiko.

Yeye alikuwa ameshajua. Alinisomea barua yako ya darajani kwa sauti, maana alikuwa ameikuta chini ya unga. Alipomaliza akasema, "Sasa mama, wewe unamsubiri nani aje kukuvua hilo joho la "sijui"?" Nikampiga na mwiko. Kisha nikavua aproni nikaenda.

Ofisi ya barabara ilikuwa imejaa, ni siku ya wiki wanayomwita mkwe. Mwenye mashine ya sokoni naye alikuwapo, amekuja kuomba apewe ile mashine isiyo na mwenyewe. Nikaingia bila kubisha. Nikasema, "Mashine ni yangu. Dereva ni ndugu yangu, tumbo moja. Na mzee huyu hakula rushwa. Alikunywa chai, na chai yenyewe ni yangu." Niliegemea meza ya ofisa mpaka ikagonga ukuta. Nikaendelea: "Alishusha mnyororo kwa sababu ndugu yangu ni mjomba wa bibi harusi, na mzee huyu ana adabu kuliko sisi. Na mimi nililijua hilo, nikanyamaza, nikamwacha aitwe Mzee Mfuko."

Mwenye mashine ya sokoni akasema, "Kumbe ulitaka kunifungia biashara!" Nikamwambia, "Ndiyo, nilitaka." Watu wakaangua kicheko, hata yeye. Mimi nililia, lakini kicheko kilinifunika.

Mkwe alikuwa anatazama sakafu muda wote. Akasema kwa sauti ya chini, kama vile mimi ndiye niliyemwaibisha kwa kumtetea, "Mkwe, haya yote ya nini?"

Mkwe, Kobe. Amesema mkwe. Nimerudi nyumbani nimelibeba neno hilo kwa uangalifu, nisije nikalimwaga.

Wamemrudishia kazi na mnyororo wake. Daraja hakuna, lakini mnyororo ameufunga palepale, anasema barabara lazima iwe na mlango. Harusi inarudi, ila si baada ya mavuno haya. Binti anasema mpaka mjomba wake apite kwenye hiyo njia anayoijenga, kwa miguu yake, mchana, watu wote wakiona. Usidhani ni heshima. Ni adhabu, na mimi nitatembea nyuma yako kuila sehemu yangu.

Mkwe anavuka sasa hivi juu ya mawe yenu kuja upande huo. Nimempa barua hii na chupa. Nitasimama nje ya mgahawa nikimtazama anavuka. Nje, Kobe, siyo dirishani.

Dada yako.


Ng'ambo, siku hiyohiyo

Dada,

Chai imefika ingali moto. Barua yako ya kwanza mwaka huu ilinifikia wiki nzima baada ya kuandikwa. Hii imenifikia wino haujakauka, dole gumba langu limechafuka. Sasa ndiyo naona kazi ya mawe.

Nimekuona umesimama nje. Nimeinua mkono. Hukuchuchumaa.

Mkwe ameketi nami juu ya jiwe kubwa, lile la yule mchukuzi. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba radhi tangu ghalani, marefu, mazuri, na yote yakanikimbia kwa mwendo nilioyafundisha mwenyewe. Nikasema tu, "Mzee, nimekuja." Akasema, "Nimekutazama usoni."

Kisha akafungua chupa, akashika kikombe chekundu, akanimiminia, anamimina tu, amekusudia kukijaza mpaka ukingoni kama wanavyojaziwa wageni wa heshima. Safari hii neno lilitoka, Dada. Nikamzuia mkono.

"Hapana, mzee wangu," nikamwambia. "Nusu kwanza."